Injini ya Dizeli Niliyoililia Kibaoni

Tangu baba afariki, nimekuwa nikitamani Landrova kuukuu ya dizeli kama ile aliyokuwa akitupeleka nayo Uchindile. Utotoni nililala kwenye siti ya nyuma nikisikiliza mngurumo wake, na usingizi mtamu kama ule sijaupata tena.

Juzi nikasikia kuna Mzee Salehe, mfanyabiashara wa Kibaoni, anauza Landrova mbili, moja ya petroli na nyingine ya dizeli. Nikaenda dukani kwake, nikamwamkia, nikajigamba kwamba injini naitambua kwa sikio tu. Akafungua boneti ya ile ya dizeli, akazunguka upande wa dereva. Mara mngurumo ukaanza.

Nikafumba macho. Nilimwona baba kabisa, mkono wake kwenye gia.

"Mzee wangu, usiizime," nikasema huku machozi yakinitoka. "Petroli hailii hivi. Hii ndiyo sauti yenyewe, naichukua."

Nilipofumbua macho, Mzee Salehe alikuwa amesimama mbele yangu, ufunguo mkononi, na wateja wa dukani kwake wote wakinitazama.

"Mwanangu," akaniambia kwa upole, "gari bado sijawasha. Hiyo ni mashine ya jirani, wanakoboa mpunga."