Mkuyu Uliokalia Mnara wa Prasat Chrei

Saa kumi na mbili asubuhi, Yim Saroeun yuko juu ya ngazi ya mianzi, panga kiunoni, aking'oa miche iliyoota katikati ya mawe ya hekalu la kale la Prasat Chrei, nchini Kambodia. Mmoja tu haugusi: mkuyu ulioota kileleni mwa mnara wa mashariki. Mizizi yake imeupasua ukuta hadi mkono unapenya.

Shina limefungwa kitambaa chekundu. Aliyekifunga ni mama mkwe wake, Nhek Soth.

"Nikiukata, nyumbani hakukaliki," anasema Saroeun, mjane wa miaka arobaini na minne. "Nisipoukata, mnara utaanguka, na mlinzi ni mimi. Haya, niambie wewe nifanye nini."

Amelinda magofu haya tangu afariki mumewe, aliyekuwa mlinzi kabla yake. Mshahara ni riel laki nne kwa mwezi. Wageni wachache wanaofika huku mashambani huupiga picha mkuyu kwanza. Mmoja aliwahi kumwomba ashuke, eti anamharibia picha.

Lakini wageni huondoka. Bibi Soth haondoki. Kwake yeye, mzimu wa kijiji umehamia kwenye mkuyu ule, na kila siku ya ibada huja na majirani, ndizi na udi, wakaketi chini ya ufa wenyewe. Saroeun alifunga kamba, wakairuka. Aliweka kibao cha onyo, wakakilaza na kupangia ndizi.

Mwezi uliopita, baada ya mvua kubwa, jiwe liliporomoka na kutua karibu kabisa na bikizee huyo akiwa amepiga magoti. Saroeun alimvuta kando, akadhani ubishi umekwisha.

"Umeona, mwanangu?" mama mkwe akamwambia, akijipangusa vumbi. "Mzimu ungetaka kuniua ungenikosa? Unanipenda huo."

Saroeun anasimulia hayo bila kucheka. Siku hiyo alikwenda jikoni akalia kwa hasira, kisha akampikia uji, maana mzee alikuwa hajatia kitu tumboni.

Sasa habishi tena. Amepatana na mtawa wa kijijini kwamba mzimu ujengewe kibanda na kuombwa uhamie huko, kisha mkuyu ukatwe. Mbao zipo. Mama mkwe ameridhia, ila mahali pa kibanda atachagua yeye.

Juzi amechagua: chini ya mnara wa magharibi.

"Tutaongea," anasema Saroeun, akishusha pumzi. "Angalau huo haujapasuka."