Mlango wa Kushoto wa Bibi Dahabo

Jama Dheere ni mrefu kupita kiasi kwa kazi aliyoichagua. Fundi umeme wa magari hushinda amejikunja chini ya usukani, na yeye magoti yake hayana pa kwenda. Lakini ukipita gereji yake hapa Hargeisa utamkuta amebandika sikio kwenye mlango wa gari la mtu, macho kayafumba, anasikiliza kimota cha loki, uso umemkunjuka kabisa. Anaipenda kazi yake, basi.

Juma moja Khadra alimletea kigari chake cheupe. Loki zake ni za rimoti: unabonyeza, milango yote inafunga au inafunguka pamoja. Sasa mlango wa nyuma ulikuwa umeasi, unafunga lakini haufunguki. Mama yake, Bibi Dahabo, alinasa humo uani mwa duka la nyama, ikabidi avutwe kupitia mlango mwingine kama gunia, watu wanatazama. Akaapa hapandi tena. Na Alhamisi mjukuu wake alikuwa anaolewa mji wa Burao, na basi la abiria Bibi haliwezi, humtapisha njia nzima. Khadra alisema mama asipokwenda na yeye haendi.

Jama akafungua mlango wa nyuma wa kulia, akakuta kimota kimechoka, akaweka kipya, akasikiliza, akaridhika. Hakuuliza ni mlango upi. Na hapa kwetu nani angeuliza? Magari yanatujia kutoka Dubai usukani uko kulia, na barabarani tunapita kulia vilevile. Ukishukia kushoto umejitupa mbele ya malori. Mtoto wa Hargeisa anajua kushukia kulia kabla hajajua kufunga kamba za viatu, kwa hiyo ule wa kushoto Jama hakuugusa hata kwa kidole.

Kesho yake Khadra akarudi amenuna. Alikuwa amembembeleza mama yake ajaribu uani kwao, na Bibi akanasa tena. Aibu ilimshika Jama, ya kweli kweli. Akachukua waya na chuma chake cha kulehemu, akafuatana naye mpaka nyumbani.

Bibi Dahabo alikuwa mkekani na kikombe cha chai ya maziwa. Jama akamwamkia, akamwomba radhi, halafu akamuuliza jambo ambalo hakuna aliyemuuliza tangu mwanzo, kwamba garini yeye hukaa upande gani.

"Kushoto," Bibi akasema. "Nikikaa nyuma ya Khadra nitaionaje mikono yake? Huyu asipoangaliwa anaendesha kama anafukuzwa. Na mimi nashukia uani tu, hapa au kwa muuza nyama. Hayo malori yenu yatanifuata humo?"

Jama akacheka, akijicheka mwenyewe. Akabandua kava la mlango wa kushoto, akaufuata waya mpaka ndani ya mpira unaoufunika karibu na bawaba, akakuta waya umekatika kwa kukunjwa kila mlango ukifunguliwa. Akaulehemu, akaufunga vizuri, akabandika sikio. Khadra akabonyeza, kimota kikaitika.

"Haya, ingia wewe," Bibi akamwambia fundi.

Jama akajikunja kiti cha nyuma, magoti kidevuni. Bibi akaichukua rimoti kwa binti yake, akafunga milango yote, akarudi mkekani kumalizia chai yake. Hakuwa na haraka hata kidogo. Jasho lilimtiririka Jama, naye akavumilia, kwa sababu aliona anastahili. Kikombe kilipokwisha Bibi akabonyeza. Mlango wa kushoto ukafunguka, na Jama akatoka akijinyoosha.

Bibi Dahabo akalizunguka gari, akaingia, akaketi, akaweka shungi sawa. Khadra akanyoosha mkono apewe rimoti.

"Ufunguo wa kuwashia uwe kwako," mama yake akasema, akiitia rimoti kifuani. "Hii itakwenda Burao na mimi."