Magunia ya Baba

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuamini kwamba mtu anayeilalamikia serikali haipendi nchi yake. Leo nimefungua kopo la akamwani, kahawa ya kutafuna, na harufu yake imenirudisha nyumbani, Isingiro, karibu na mpaka wa Uganda.

Shuleni tulifundishwa kwamba wanaovusha kahawa kwenda Uganda wanaihujumu nchi. Baba aliilalamikia sana serikali, kwa hiyo nilimshuku. Kila jioni nilipapasa magunia yake stoo, nikihofia kukuta moja halipo.

Siku moja alikuja afisa kijana wa kukagua kahawa, akatoa shikamoo. Baba alimwekea akamwani kiganjani, kama mgeni mwingine yeyote.

"Mwanangu," akamwambia, "mibuni napalilia mimi, kahawa naanika mimi. Mbona mnunuzi mnanichagulia ninyi?"

"Mzee, hayo ni maneno ya watu wa magendo."

"Mtu wa magendo hasemi, anavusha. Mimi nasema kwa sababu sihami hapa. Tafuna!"

Afisa akacheka, akatafuna. Mimi sikucheka. Nilikimbilia stoo, nikapapasa gunia moja moja mpaka vidole vikauma. Yote yalikuwepo.

Nilipogeuka, baba alikuwa amesimama mlangoni, akiitazama mikono yangu iliyojaa vumbi la kahawa.

"Yametimia?" akauliza taratibu.

Nikaitikia kwa kichwa.

Siku hizi anayelalamika mbele ya wageni ni mimi. Ninaowashuku ni wale wanaosifu kila kitu.