Kanda ya Mgeni wa Chumvini

Mgeni yule aliponiomba nimpe sauti moja ya nyumbani kwangu, laiti ningesema hapana. Neno moja tu, na leo nisingekuwa na kisa cha kukusimulia. Nilisema ndiyo. Haya sikusimuliwa na mtu wala sikuyaota. Yalinipata mimi, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu.

Ilikuwa miaka ya sabini. Nilikuwa karani kwenye mashamba ya chumvi, kaskazini ya mji wa Bagamoyo. Nilikuwa nimemaliza sekondari, na hilo lilinitia kiburi, nakiri. Watu wa chumvini walikuwa na desturi yao: ikikaribia saa saba mchana, kila mtu huacha kazi akaondoka, asirudi mpaka jua limepinda. Nyapara wetu, Mzee Kombo, alikuwa akinipitia ghalani.

"Karani, toka. Saa hizi pana wenyewe."

"Wenyewe gani, mzee? Mimi nimesoma."

"Haya, msomi. Wakikuzaba kofi, uwaonyeshe cheti."

Wenzake wakacheka, wakaenda zao. Mimi nikabaki na redio kaseti yangu, aliyoniletea mjomba aliyekuwa akifanya kazi melini. Nilizungusha stesheni nikachoka. Dansi, hotuba, dansi tena. Nikaizima. Ilipokuwa kimya, ndipo nikausikia muziki ule.

Niuiteje? Hapakuwa na ngoma, wala gitaa, wala maneno. Ulikuwa mvumo mmoja mrefu, kama nyuki ndani ya mtungi, na humo ndani mlikuwa na mambo: mvua juu ya makuti, mlango unaofungwa mbali, mtu anayevuta pumzi kabla ya kusema kisha asiseme. Niamini, nililia. Sikujua nalilia nini.

Kijana mmoja, mgeni kwangu, alikuwa ameketi kizingitini pa ghala, kikapu cha kanda za kaseti miguuni, na muziki ukitoka humo. Aliniambia ameutunga peke yake. Hana bendi, na redio haiwezi kuupiga. Yeye hukusanya sauti, akazichanganya. Uso wake ulikuwa wa kijana wa miaka ishirini, lakini sauti ilikuwa ya mzee mwenye kikohozi. Na alipoinuka akatembea juu ya chumvi kavu, chumvi haikulia. Wewe umewahi kukanyaga chumvi kavu? Hulia kama unatafuna ukoko. Chini ya miguu yake ilinyamaza. Nililiona hilo, nikajiambia ni masikio yangu.

"Umeupenda, karani?"

"Sana. Niuzie kanda hiyo."

"Siuzi. Niletee sauti moja ya nyumbani kwako, ile uipendayo kuliko zote, nami nikuachie hii."

Nikaona amedai kitu chepesi. Mke wangu, Zuhura, alikuwa na sauti iliyowaliza wanawake kwenye maulidi yao. Nyumbani alikuwa akiimba taratibu akikuna nazi. Jioni ile nikamwomba aniimbie kwenye redio kaseti.

"Sauti yangu ni stara yangu," akasema. "Nikikuimbia wewe yatosha. Hiyo kanda nani ajuaye itasikilizwa baraza gani? Au bwana karani amechoka kunisikia bure?"

Akacheka, akaketi juu ya mbuzi ya nazi. Mimi nikajificha nyuma ya pazia la mlango, nikabonyeza kitufe. Zuhura alikuwa akiimba huku amenipa mgongo. Niliujua mwiko nilipokuwa nauvunja. Mwanamke amekataa sauti yake isitoke nyumbani, nami mumewe naiiba.

Kesho yake saa saba nikampa mgeni kanda yenye wimbo wa Zuhura. Hakuisikiliza. Aliitia kifuani, akanipa yake, akaondoka juu ya chumvi iliyonyamaza.

Niliporudi nyumbani nilisikia nazi ikikunwa, wimbo sikuusikia. Zuhura aliponiona alifumbua kinywa, na hapakutoka kitu. Akajishika koo. Akajaribu tena. Macho yalimtoka, akawa anapiga sahani kwa mkono ili nije. Hospitali walisema koo halina kasoro. Akasomewa Yasini. Nikampeleka mpaka Miono kwa mganga. Tulirudi kimya kama tulivyokwenda.

Usiku mmoja, kwa ujinga wangu, nikaiweka ile kanda ili nitulie. Ndani ya mvumo, kati ya mvua na mlango, mwanamke alikuwa akiimba taratibu na mbuzi ya nazi ikikwaruza. Zuhura alikuwa amesimama nyuma yangu. Alijisikia. Akalitazama pazia, kisha akanitazama mimi.

Nilikwenda chumvini kila saa saba, kwa wiki nyingi. Siku moja nikasikia nyuma yangu, "Bwana karani." Zuhura peke yake ndiye aliyeniita hivyo. Niligeuka kwa furaha ambayo siwezi kukueleza.

Alikuwa kijana yule.

"Bwana karani," akasema kwa sauti ya mke wangu, kwa upole uleule, "mbona umekonda?"

Nikapiga magoti. Nikamwambia achukue kanda yake, achukue na redio, anirudishie.

"Niliomba, ukanipa. Nami nikakupa. Nani hapa kamwibia mwenzake?"

Nilitaka kumshika kanzu, mikono haikuinuka. Nikabaki nimepiga magoti, nikimtazama mpaka alipopotea katika mng'ao wa chumvi.

Zuhura hakuniacha. Tulizaa watoto watatu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kusikia mama yake akimwita. Kanda nilishindwa kuichoma, maana ndiyo mahali pekee iliposalia sauti yake. Naisikiliza hadi leo, na aibu yangu ni kwamba muziki ule bado ni mzuri.

Siku hizi kila mtu ana simu ya kurekodi. Nakuomba, mwenzako akikwambia hapana, iache sauti yake ikae kwake. Usiitoe kwa kitu chochote, hata kiwe kizuri namna gani.

Siku aliyofariki, Zuhura alinivuta karibu, akafumbua kinywa kuniambia jambo. Mikono ilikuwa imelegea, hata ishara hakuweza. Midomo ilitikisika muda mrefu, kisha ikatulia. Huenda alinisamehe, huenda alinilaani. Sikusikia, na sitajua kamwe.