Mlango wa Ghala la Kahawa

Kitabu kiliachwa na mtalii. Ndugu yangu mdogo alikuwa mpagazi Naro Moru, akiwabebea wageni mizigo kupanda mlimani, na mmoja wao alipotaka kupunguza uzito wa mkoba wake alimpa kitabu kinene cha Kiingereza, jalada limelegea. Akaja nacho chumbani kwangu mtaa wa Majengo, mjini Nyeri, akasema ni mchezo. Mimi niliishia darasa la saba. Nilipekua nikitafuta ubao wa kuchezea, sikuuona.

"Hii inachezwa na mdomo," akaniambia.

Ndivyo ilivyokuwa. Mmoja anasimulia, wengine wanakuwa watu ndani ya hadithi yake. Anakwambia umesimama wapi na unasikia nini, nawe unasema utafanya nini. Bahati ndiyo inaamua kama utaweza. Kitabu kilitaka dadu za pande kumi, kitu ambacho hatukuwahi kukiona, kwa hiyo ndugu yangu alikwaruza namba kwa msumari kwenye vizibo kumi vya soda, akavitia katika mkebe wa mafuta ya kupikia. Ukitaka kukimbia, unachota kizibo. Ukitaka kutazama jambo baya bila kurukwa na akili, unachota kizibo. Zaidi ya tano, umeweza.

Mchezaji wetu wa tatu alikuwa polisi, mtu wa magharibi mwa nchi aliyepanga chumba cha pili. Alikuja kutucheka, akabaki. Mimi nilijifanya muuguzi. Yeye alichagua kuwa mwizi.

"Afande, wewe ni mwizi mbaya sana," ndugu yangu alimwambia kila aliposhikwa.

"Niache. Wale wazuri sijawahi kuwaona, nitawaiga aje?"

Niliupenda mchezo ule kuliko kitu chochote nilichokuwa nacho. Mazimwi wa hadithi za nyanya waliishi msituni, zamani sana. Wa mchezo huu waliishi mjini, siku hizi hizi. Walipiga simu. Walifanya kazi ofisini na kupandishwa cheo. Miji ya kitabuni ilikuwa ya ng'ambo, lakini ndugu yangu aliiacha yote, akatuwekea zimwi wake hapa hapa Nyeri, kiumbe aliyeita watu kwa sauti za jamaa zao. Wiki nzima nikiuza mboga nilikuwa nikiwaza la kufanya Jumapili.

Tulicheza mchana, maana jioni ndugu yangu alirudi kazini. Mama alitukuta siku moja, ametoka nyumbani kwetu Endarasha na viazi.

"Hadithi za irimu, hao mazimwi wenu, hazisemwangi mchana," akasema. "Ng'ombe zinapotea."

"Mama, kwani tuko na ng'ombe?" ndugu yangu akamuuliza.

"Ndio ujue zilienda wapi."

Lakini alivuta kigoda akamenya viazi polepole, na aliposikia mwizi amejificha ndani ya gunia la kahawa alicheka mpaka akaweka kisu chini.

Jumapili ya mwisho tulimfuata zimwi hadi kwenye ghala la kahawa. Muuguzi wangu alikuwa ameshika komeo la mlango. Ndani, sauti ya mtu ilimwita jina lake la utotoni.

"Chota," ndugu yangu akasema.

Mkono wangu ulikuwa ndani ya mkebe gari la wageni lilipopiga honi barabarani. Akainuka, akavaa koti.

"Niambie tu ni nani," nikamwomba.

"Nikikuambia, Jumapili utacheza na nini?"

Alifia mlimani wiki hiyo. Walisema ni hewa nyembamba ya kule juu, mapafu yalijaa maji. Wapagazi wenzake walimteremsha kwa zamu, tukamzika Endarasha. Nilimngoja Mama aseme lile neno lake la hadithi za mchana. Hakulisema, kaburini wala baadaye. Afadhali angelisema, ningepata mtu wa kubishana naye.

Polisi na mimi tulikisoma kile kitabu chote, yeye akinifasiria. Ghala letu halikuwemo. Mle mlikuwa na kanuni na miji ya watu wengine. Hadithi yetu ndugu yangu aliibeba kichwani, wala hakuwa mtu wa kuandika.

Polisi akasema tusiiache hivyo. Jumapili moja alikaa alipokuwa akikaa ndugu yangu, kofia magotini.

"Muuguzi," akaanza, "mlango unafunguka. Ndani kuna... kuna mtu."

"Mtu gani?"

Aliipindua kofia. Nje watu walikuwa wakitoka msikitini wakiongea.

"Dada, sijui," akasema. "Mimi nilikuwa mwizi tu."

Hatukujaribu tena. Baadaye alihamishiwa kaskazini. Nilimwonyesha jirani mpya kitabu, akaniuliza kama ni cha dini. Mama naye nilimwomba asimulie, angalau kidogo. Akaniambia, "Mimi najua zile za msitu peke yake."

Mkebe ninao bado. Jumapili nikimaliza kula ninatia mkono, kwa sababu siku ile sikuwahi kuchota. Jana nilipata tisa. Tisa inatosha, mlango ungefunguka. Nilikaa nayo mkononi mpaka ikapata joto, kisha nikairudisha, nikaosha sahani.