Maziwa Machungu ya Rudewa

Mama alionja maziwa, akayatema nje ya mlango. "Umetia nini humu?" akamuuliza mke wa mfugaji jirani yetu, aliyekuwa bado ameshika mfuniko wa kibuyu.

"Sijatia kitu, mama. Ng'ombe wanakula shambani kwako, mimi nakamua tu."

Mahindi yakishavunwa, ng'ombe wao huingia katika shamba letu hapa Rudewa kula mabua. Samadi hubaki kwetu, na kila asubuhi huletwa kibuyu cha maziwa mpaka mvua zianze. Hakuna aliyeyaandika mapatano hayo, lakini ndiyo yaliyotufanya tuendelee kusalimiana wakati wengine wakishikiana fimbo kwa ajili ya ardhi.

Mwaka huu mabua yalikuwa machache. Mvua ilidondoka, mahindi yakachomoza, kisha jua likawaka kwa ukali ambao sasa tunauzoea, yakanyauka kabla ya kufika gotini. Gugu karoti halikunyauka. Lilisimama kijani na vijiua vyake vyeupe, likazifunika nyasi ambazo bibi alizijua kwa majina. Nimeliona hata katika hifadhi ya Mikumi, kando ya barabara kuu, swala wamelizunguka bila kuligusa. Ng'ombe wenye njaa hawachagui.

Nikawaeleza, kwa hasira ya mtu aliyechoka kueleza, kwamba gugu hilo ndilo linalotia maziwa uchungu.

"Basi mama aling'oe," yule dada, mke wa mfugaji, akasema.

"Basi nawe ng'ombe wako wasiniletee mbegu kwenye kwato," Mama akajibu.

Wote wawili walisema kweli, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Mama akatupa mgongo, akashika ufagio wa uani, akafagia kwa nguvu kama anafukuza nyoka. Kwetu uani hufagiwa kwa kichaka kilichofungwa kamba ya mkonge. Zamani tulikata mfagio, mmea uliokuwa umejaa njiani. Siku hizi hauonekani, watu hukata kilicho karibu. Nikautazama ufagio ule. Lilikuwa gugu karoti lililokauka, na kila Mama alipouvuta, vimbegu vyeusi vilimwagika kuelekea shambani.

"Mama, unafagia au unapanda?"

Yule dada akacheka mpaka akaegemea ukuta. Kisha kicheko kikamkatika. "Mungu wangu. Hata zizini tunafagilia hilohilo."

Tuliuchoma ufagio. Tukashinda shambani watu watatu, mifuko ya plastiki mikononi kwa sababu ya muwasho, tukiling'oa gugu na kulichoma. Kabla wiki haijaisha kikanyesha kimvua kisicho cha msimu, na ardhi yote tuliyoisafisha ikawa kijani tena kwa gugu lilelile. Niliketi kwenye tuta, nikatamani kutukana, nisijue nimtukane nani.

Asubuhi yule dada alikuja na kibuyu, anatembea taratibu.

"Shikamoo, mama. Bado machungu."

"Marahaba. Lete."

Mama akajaza kikombe, akakunja uso, akanywa yote. Akamrudishia kibuyu.

"Na kesho ulete."