Magoti ya Teresina kwenye Barabara ya Rejaf

Wifi yangu Teresina alikuwa na miaka ishirini na tisa, cheti cha ufundi kutoka Nakuru, na pikipiki. Cheti hakikumsumbua mtu. Pikipiki ndiyo iliyokaribia kutuharibia jina.

Habari yake inasimuliwa hapa Juba kwa namna nyingi. Wengine wanamfanya mtawa, wengine wanamfanya mlaghai. Mtawa hakuwa. Kuhusu ulaghai msomaji ataamua mwenyewe, ila akumbuke kwamba Teresina ni dada wa marehemu mume wangu Sebit, na nyumba yetu ya mtaa wa Juba Na Bari haijawahi kutoa mlaghai, angalau aliyekamatwa.

Mwaka wa 2008 kazi yake ilikuwa kutengeneza visima vya pampu. Kisima cha Gumbo au cha Rejaf kikifa, wanawake wanarudi kuchota mtoni, na mto una kipindupindu na mamba. Shirika lililomwajiri lilimpa pikipiki ndefu, ya aina inayokwenda lami na porini, na likamwambia wazi kwamba fundi asiyefika kisimani hahitajiki. Pikipiki ikipotea, kazi inapotea nayo.

Mambo yalianza Jumapili moja ya mwezi wa tano, wakati misa ya Rejaf inatoka. Tairi ya nyuma iliishiwa upepo hatua chache tu kutoka mlango wa kanisa. Teresina akaisukuma pikipiki mbele ya parokia nzima, suruali imejaa tope hadi magotini, na kwaya bado imevaa kanzu.

"Jamani, Teresina ameua punda!" Rebecca, kiongozi wa kwaya, akasema kwa ile sauti yake isiyohitaji kipaza sauti.

Kufika alasiri baba mkwe Cirillo alikuwa uani kwangu. Cirillo ni mdogo wa marehemu baba yake Teresina, katekista, na ndiye mkubwa wa ukoo. Miaka yake ya ukimbizi aliimalizia Uganda, na Kiswahili chake alirudi nacho kutoka huko.

"Mama Florence, wewe iko najua mimi hapana mtu ya maneno mingi," akaanza, kisha akaongea saa nzima. Mwisho akamgeukia Teresina. "Leo watu nacheka jina ya ndugu yangu. Leo mimi nasamehe. Lakini siku ingine mtu akiona wewe nasukuma hiyo kitu, khalas, imeisha. Mimi nachukua funguo, narudisha kwa wenyewe."

"Na kazi yangu, baba mdogo?"

"Kazi iko mingi. Fundisha watoto, kama Mama Florence. Umeona yeye nasukuma kitu?"

Cirillo alipoondoka, Teresina alikaa kwenye ngazi. Nilimwona akizishika zile funguo alizozivaa shingoni kama watu wengine wanavyoshika msalaba. Pikipiki sikuipenda hata kidogo, na suruali nilikuwa nimeikemea mara nyingi. Lakini nilishamwona akitoka Gumbo siku kisima kimepona, wanawake wakimmwagia maji kichwani kwa furaha, na sikutaka kuwa shahidi wa siku atakayonyang'anywa hayo.

"Basi tairi zisitoboke," nikamwambia.

"Wifi, hii ni Juba."

"Kesho tunakwenda kwa fundi."

Fundi wa pancha hodari alikuwa Gatwech, pale Gumbo, kijana mrefu aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya. Aliizunguka pikipiki mara mbili, akaigonga tairi kwa kidole cha mguu.

"Madam, hizi ni za kwenda harusi. Laini mpaka unaweza kujiona. Mwiba wa lalob ukiziona unafurahi." Lalob ni mti ambao watu wa kwetu hukata matawi yake kuzungushia viwanja, na miiba yake ni mirefu kama sindano za kushonea magunia.

Teresina alikuwa ameshachagua zake, zenye meno makubwa kama ya kiboko.

"Hizo ni za matope tupu," Gatwech akasema. "Kwa barabara ya murram zitaisha kama sabuni. Halafu ukifika darajani mvua imenyesha, ile sakafu ya chuma itakulaza mbele ya malori. Chukua ya katikati, meno mafupi yaliyokaribiana. Na ukuta wake uwe mnene, usijali sura."

"Lakini hizi zinapendeza," Teresina akasema.

"Tumependeza vya kutosha kanisani," nikamjibu.

Sokoni ndipo nilipogundua kwamba tairi ina maandishi mengi kuliko gazeti, na Juba nzima hakuna anayeyasoma. Nikavaa miwani. Upande mmoja imeandikwa nguvu ya tabaka zake, na tulitaka sita. Upande wa pili kuna tarakimu nne ndani ya kiduara, ambazo Gatwech alinifundisha: mbili za wiki, mbili za mwaka.

"Mpya kabisa, mama," muuzaji akasema. "Angalia inavyong'aa."

"Inang'aa kwa sababu umeipaka mafuta. Hapa imeandikwa 2301. Imezaliwa mwezi wa sita mwaka wa 2001. Umri wake ni wa kuanza darasa la kwanza."

"Ilikuwa imetunzwa, mama."

"Na nyufa hizi?"

Akaziinamia. "Hilo ni pambo."

Tulizunguka maduka manne kabla ya kupata tairi ambayo haijaanza shule. Tukaongeza tyubu nene, na Gatwech akakata tyubu kuukuu akaitandika ndani kama godoro. Akakagua pia mkanda unaofunika vichwa vya spoki, maana spoki yenye kutu hutoboa kutoka ndani na mtu akaenda kulaumu miiba. Teresina akanunua kipimo cha upepo, akaacha tabia ya kubonyeza kwa dole gumba. Ukipunguza upepo, jiwe linaibana tyubu kwenye rimu na kuacha matundu mawili kama meno ya nyoka. Ukizidisha, pikipiki inaruka kama mpira na haishiki changarawe.

Kila jioni yeye alizungusha magurudumu polepole, nami na koleo langu la nyusi nikachomoa miiba kabla haijasafiri kuingia ndani. Mwalimu mwenye diploma, mjane wa Sebit, nimechuchumaa nyuma ya nyumba nikiitoa tairi miiba. Lango nilikuwa nimelifunga.

Pancha zikapungua kutoka mbili kwa wiki hadi moja kwa mwezi. Lakini Cirillo alihitaji moja tu.

Kwa hiyo nilimpa Teresina maagizo. Asisukume hatua hata moja. Tairi ikilegea, aingie kwenye majani marefu, aifiche pikipiki nyuma ya kichaka, ajifunge kitenge juu ya suruali na kingine kichwani, apige magoti na kuupa mgongo barabara, azibe, aondoke. Atakayepita ataona mwanamke kando ya njia, na wanawake kando ya njia ni wengi.

Mwezi wa saba Rebecca alikuja kunitembelea, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu arobaini ya Sebit.

"Mama Florence, mmetuficha."

"Tumewaficha nini?"

"Nimemwona Teresina kwa macho yangu! Tena mara mbili! Amepiga magoti kwenye majani, kichwa amefunika, anatikisika hivi, anatikisika hivi." Akanionyesha, chai ikamwagika. "Na analia, 'Ee Bwana! Toka! Toka!' Anafukuza mapepo, Mama Florence, kwenye ile kona ambapo lori lilipinduka. Na mimi siku ile nilimwita muuaji wa punda. Mungu anisamehe."

Sikusema ndiyo, sikusema hapana. Nilimwongezea sukari.

Jioni nikamuuliza Teresina.

"Tairi ilikuwa imenata kwenye rimu," akasema. "Nilikuwa naiambia itoke."

"Na 'Ee Bwana'?"

Akanionyesha kidole gumba, ukucha umekuwa mweusi. "Chuma cha kutolea tairi kiliponiteleza."

"Basi ilikuwa sala."

"Wifi, sijawahi kuomba kwa moyo kama pale."

Kufikia mwezi wa nane habari ilikuwa imevuka daraja na kurudi. Wakatekumeni wa Cirillo, wale wanaojiandaa kubatizwa, walifundishwa kwamba yuko binti mmoja, hatamtaja jina, mtoto wa ndugu yake Cirillo, anayesimamisha kazi zake zote njiani ili aongee na Muumba. Cirillo mwenyewe aliniletea kuku.

"Hiyo mtoto iko na Mungu," akasema. "Mimi nilijua tangu zamani."

"Kwa hiyo pikipiki haina neno tena, baba?" nikauliza.

Akanyoosha kidole. "Kuomba, sawa. Kusukuma, maneno yangu iko palepale. Sasa ndiyo zaidi! Mtu ya Mungu nasukuma chuma mbele ya watu?"

Kwa hiyo sasa Teresina alikuwa na hatari ya kupoteza funguo pamoja na utakatifu.

Mwezi wa kumi tulikuwa na karama ya baba mkwe marehemu kule Rejaf, ile misa na chakula cha kumkumbuka. Teresina alitangulia asubuhi na chumvi na majani ya chai. Sisi tulifuata kwenye lori la wazi: Cirillo mbele kwa dereva, mimi na wanakwaya kumi nyuma, masufuria katikati. Tulipopita Gumbo na kuingia barabara ya Rejaf, Rebecca akasimama ghafla na kuanza kupiga bati la kichwa cha lori.

"Simama! Simama! Anaomba!"

Nikatazama. Majanini, umbali wa kutupa jiwe, vitenge vile viwili. Alikuwa anatikisika.

"Tumwache," nikasema. "Mtu akiwa na Mungu wake haingiliwi."

Lakini Cirillo alikuwa ameshashuka na kuvua kofia. Wanawake wakashuka nyuma yake kama kuku wanaotoka kizimbani, wakaenda kimyakimya, wakapiga magoti kwenye umande. Nilipiga magoti pia, karibu zaidi, nikaona uso wa Teresina kwa upande. Mikono yake ilikuwa chini ya kitenge, na najua ilichokuwa imeshika: vyuma viwili, na tairi iliyobakiza shubiri moja kuingia kwenye rimu. Akilegeza, vyote vinaruka. Akikaza, vinalia. Akanitupia jicho ambalo sitalisahau.

Cirillo akaanza litania ya watakatifu wote.

Cirillo haruki mtakatifu. Tulipofika kwa mitume, mabega ya Teresina yalianza kutetemeka. Tulipofika kwa mashahidi, jasho lilimtiririka puani.

"Anatetemeka," Rebecca akanong'ona. "Roho anashuka."

Kwa mabikira, chuma kikamponyoka. Kililia *tang!*, kikaruka kutoka chini ya kitenge, kikazunguka hewani na kutua mbele ya magoti ya Cirillo. Kitenge kikafuata kuanguka. Lile gurudumu likabaki mbele yetu wote, na wingu jeupe likapanda taratibu. Ndani ya tairi huwekwa poda ili tyubu isisuguliwe, na poda iliyokuwapo nyumbani siku hiyo ilikuwa yangu.

Rebecca alikuwa bado amefumba macho. "Waridi!" akalia. "Nasikia harufu ya waridi!"

Kisha akafumbua.

Cirillo aliokota kile chuma, akakitazama huku na huku. Akamtazama Teresina, ambaye mkono wake ulikuwa umeshapanda shingoni kwenye funguo. Akawatazama wanakwaya kumi, ambao kwa miezi mitatu aliwaambia wamwige binti huyu. Akanitazama mimi. Mimi nilikuwa natazama mawingu.

Kama angenyoosha mkono kudai funguo, ingembidi akiri mbele ya kumi hawa kwamba utakatifu aliowahubiria ulikuwa pancha tu. Kufika mchana Rejaf ingejua, kufika jioni padri.

"Amina," akasema Cirillo.

"Amina," tukajibu.

Akavua koti. "Nyinyi bado nakaa magoti ya nini? Kuomba imeisha. Sasa iko kazi. Teresina, nashika wapi?"

"Gandamiza hapa kwa goti, baba mdogo. Hapo. Usiondoe mpaka niseme."

Rebecca alifungua mdomo. Nilimkabidhi kofia ya Cirillo aishike, na kwa kuwa alikuwa ameshika kofia ya katekista, ilimbidi anyamaze. Tairi ikaingia. Cirillo akataka pampu, akapampu mwenyewe, tai imetupwa begani, na wanakwaya wakaanza wimbo kwa mapigo ya pampu kwa sababu hawakujua jambo lingine la kufanya. Kwenye ubeti wa tatu mpini ulivunjika, lakini upepo ulikuwa umetosha.

Walipokuwa wakikunja vitenge nilimsikia Cirillo akimuuliza Teresina chini chini.

"Zote ilikuwa hivi?"

"Zote, baba mdogo."

"Na ile ya kufukuza pepo?"

"Tairi ilikuwa imenata."

Akavaa koti lake. "Padri hapana uliza, wewe hapana jibu."

"Na funguo?"

"Funguo gani?" akasema Cirillo, akapanda lori.

Kule Rejaf wazee walikuwa wamekasirika kwa kusubiri. Cirillo akawaambia kwamba tulisimama njiani kuomba, na wanakwaya kumi wakaitikia kwa vichwa, Rebecca wa kwanza. Alikuwa amepiga magoti na wenzake, na hakutaka kueleza mbele ya nini. Wakamwomba Teresina abariki chakula. Akasimama na mikono myeusi ya grisi, akasali kwa sentensi mbili, akakaa.

Jumatatu saa moja asubuhi alivuka daraja kwenda kisima cha Gumbo, amevaa suruali yake ileile. Mimi nikaenda sokoni kutafuta pampu nyingine ya upepo.